Uzi maalumu kwa tunaoshona na kufuma kwa mapenzi: namna ya kuchagua mitumba yenye kitambaa cha maana

Wakuu salaam, na shikamooni wakubwa wote mliomo humu.

Nyuzi za biashara ya mitumba zimejaa humu jukwaani: belo linanunuliwa wapi, mtaji kiasi gani, faida inarudi lini. Ni sawa, watu wanatafuta riziki. Ila tupo wengine tunaokwenda Karume, Manzese, Memorial pale Moshi au Mlango Mmoja kule Mwanza bila nia ya kuuza hata soksi. Tunashona jioni baada ya kazi, tunafuma tukiwa kwenye foleni, tunatafuta vitambaa, vifungo na vyerehani vya zamani kwa sababu tunavipenda. Uzi huu ni wetu.

Msimamo wangu niuseme mapema. Kwa mtu anayejifunza kushona au kufuma, hakuna duka la vitambaa linaloshinda mitumba kwa ubora wa malighafi, mradi ajue kukisoma kitambaa kwa vidole. Sizungumzii urahisi wa bei peke yake. Nazungumzia sufu halisi, kitani, pamba nzito iliyofumwa kwa kushiba, vitu ambavyo madukani kwetu huvipati kirahisi hata ukiwa na hela mkononi. Vinalala chini kabisa kwenye fungu la buku, kwa sababu mteja wa kawaida anataka nguo ya kuvaa kesho asubuhi. Sweta kubwa la kiume lenye tundu kiwikoni halimfai. Sisi linatufaa sana.

Nianze na masweta, maana huko ndiko kwenye utamu.

Sweta moja kubwa la sufu ukilifumua unapata uzi wa kutosha kofia, skafu na soksi za mtoto, na bado unabakiwa na kidogo cha kurembea. Lakini si kila sweta linafumulika. Kabla ya kuuliza bei, ligeuze ndani nje uangalie mishono ya ubavuni. Ukiona kingo zimefungwa kwa ovaloki, ujue vipande vilikatwa kwa mkasi kutoka kwenye kitambaa kirefu ndipo vikaunganishwa. Ukilifumua hilo utapata vijiuzi vifupi vya urefu wa upana wa kifua, havina kazi. Unalotaka ni lile ambalo kila kipande kilifumwa kwa umbo lake, kingo zake ni nzima, na vimeunganishwa kwa uzi mmoja unaoweza kuukata na kuuvuta. Hapo mkono utafumuka mfululizo kutoka mwisho hadi mwanzo.

Angalia pia kama limefuliwa vibaya huko lilikotoka. Sufu ikikutana na maji ya moto halafu ikasuguliwa, nyuzi zinang'ang'aniana na kuwa kitu kimoja kigumu. Sweta la hivyo halifumuki kamwe. Usiliache lakini: likate kwa mkasi, halichanuki kingo, unapata slipa za ndani au kishikio cha sufuria cha uhakika.

Lebo nayo isomwe, tena kwa lugha zote. Mitumba inatoka nchi nyingi na wengi wetu tunatafuta neno "wool" tu. Mjerumani anaandika Wolle, Mfaransa laine, Mwitalia na Mhispania lana, Mswidi na Mnorwe ull. Pamba kwa Kijerumani ni Baumwolle, kwa hiyo usione "wolle" mwishoni ukashangilia. Ukikuta alama ya Woolmark, ile ya mistari iliyojizungusha iliyoanza kutumika mwaka 1964, umepata sufu ya kweli.

Lebo ikiwa imekatwa, moto unasema. Vuta kauzi kadogo, ukashike kwa kibano, ukachome juu ya sahani ya bati. Sufu inanuka nywele zilizoungua na majivu yake yanasagika kwa vidole. Pamba na kitani vinanuka karatasi na kuacha jivu laini. Akriliki na poliesta vinayeyuka, vikipoa vinakuwa kipunje kigumu cheusi. Fanyia nyumbani lakini, si katikati ya meza ya mtu sokoni.

Ukishafumua, uzi utatoka umejikunja wote. Usikimbilie kuufuma hivyo hivyo, kazi yako itakuwa na mawimbi. Uzungushe kwenye mgongo wa kiti upate shada refu, lifunge sehemu nne kwa vipande vya uzi wa rangi nyingine lisivurugike, liloweke kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo au shampuu, likamue kwa kulifinya bila kusokota, kisha litundike kivulini na kitu kizito kiasi kwa chini. Likikauka limenyooka. Hatua hii wengi wanairuka, ndiyo maana mtu anasema uzi wa mtumba haufai.

Upande wa kushona nina upendeleo wa wazi: mashuka. Shuka la pamba la kitanda kikubwa lina upana wa mita mbili na zaidi bila mshono hata mmoja. Shuka lililofuliwa miaka limeshasinyaa lote linaloweza kusinyaa, halitakubana baada ya kufua. Kwa anayejifunza kukata gauni, jaribia hapo kabla hujagusa kitenge chako kizuri. Mashati ya kiume makubwa nayo ni hazina: mgongo unatoa mbele ya gauni la mtoto wa miaka miwili au mitatu, na ukiukata upande wa vifungo kwa akili, huna haja ya kushona matundu ya vifungo, yameshashonwa na kiwanda.

Na vifungo! Nguo mbovu kabisa yenye vifungo vizuri nainunua. Vile vya chaza utavijua kwa kuvigusisha mdomoni: ni vya baridi na vina uzito, plastiki ni vuguvugu na nyepesi. Zipu za shaba pia, zikiwa na meno yote, zifumue kwa wembe taratibu na uzitunze.

Nimemaliza ya kwangu kwa leo. Karibuni wadau, kila mtu na ujuzi wake.

Mchangiaji, Nairobi

Asante sana dada kwa uzi huu. Mimi ni wa Gikomba, na Toi siku ambazo mguu unakataa kwenda mbali. Niongeze jambo moja kuhusu mpangilio wa soko letu kwa mgeni anayekuja kutafuta vitambaa.

Bale ikifunguliwa, nguo za kwanza, zile safi kabisa, zinaitwa kamera. Hizo zinachukuliwa na wenye maduka na wale wanaouza mtandaoni, na bei yake iko juu. Zinafuata za daraja la pili na la tatu. Mwisho kabisa kuna fagia, zile zimebaki na zinauzwa kwa bei ya kutupa. Watu wa ufumaji, shamba letu ni fagia. Usiende alfajiri kupigania kamera na watu wa maduka. Nenda mchana, mtulivu, na begi kubwa.

Mimi nafuma kwa ndoano peke yake. Mapazia ya zamani ya kufumwa kwa mkono nikiyapata siyafumui. Nayafua, naanika, nayaangalia. Kuna mama mahali fulani alikaa miezi akifuma lile ua moja moja. Nayashona juu ya mto au kwenye mgongo wa koti la jinsi, na yanaishi tena.

Mleta uzi

Mkuu wa Nairobi, hapo kwenye mapazia umenigusa. Mimi nina sheria hiyo hiyo: kazi ya mkono haifumuliwi. Sweta la kiwanda nalifungua bila huruma, lakini nikiona dalili kwamba lilifumwa na mtu, kwa mfano kingo zisizolingana sawasawa au uzi ulioungwa kwa fundo la mkono, nalitengeneza tundu lake na kulivaa lilivyo. Tumeona vitambaa vya makochi vya mama zetu vikitupwa kila sebule ilipobadilishwa. Vilifumwa usiku kwa taa ya chemli. Kama nyumbani kwenu bado vipo kabatini, viombeni kabla havijawa matambara ya kupigia deki.

Mchangiaji, Njombe

Shikamoo dada. Huku kwetu sweta si pambo, mwezi wa sita na wa saba baridi haina utani, ukienda Makete ndiyo zaidi. Swali langu ni sindano. Sindano za kufumia za dukani ni chache na ukubwa hauchagui. Wazee wetu walitumia spoku za baiskeli. Bado zinafaa au nijipange ninunue seti?

Jingine: nimenunua sweta la sufu zuri ila lina vitundu vidogo vidogo vingi. Ni mende?

Mleta uzi

Marahaba mdogo wangu. La sweta kwanza, maana lina haraka. Hao si mende, ni nondo wa nguo. Kipepeo mwenyewe hali, ni viluwiluwi vyake vinavyokula sufu, na vinapenda zaidi sehemu zenye jasho na chakula kilichomwagika. Litenge na nguo zako nyingine leo hii. Lifunge kwenye mfuko wa plastiki uliobana, liweke kwenye friza wiki nzima, kisha lifue. Asiye na friza alianike jua kali akilikung'uta na kuligeuza, kwapani na kwenye mikunjo hasa. Ukikuta uzi umekatika sehemu nyingi, usilifumue, utakuwa unaunga mafundo mpaka uchoke. Litie viraka vya rangi tofauti, waziwazi, bila kuficha. Vinapendeza.

Kuhusu spoku nitarudi, nina mengi.

Mchangiaji, Dar es Salaam

Samahani mleta uzi, nitasema kinyume kidogo. Mnasifia mitumba kwa moyo wote, lakini mitumba hiyo hiyo ndiyo iliyoua viwanda vyetu. Baba yangu mdogo alifanya kazi kiwanda cha nguo cha Urafiki enzi hizo. Kiwanda kilifunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa China, watu walivaa kilichotoka pale na walijivunia. Leo tunashangilia nguo zilizovuliwa na wenzetu. Huoni kwamba ni jambo la kusikitisha?

Mleta uzi

Nalisikia mkuu, na sitaki kulipita juu juu.

Ni kweli mitumba ilibana soko la viwanda vyetu baada ya milango ya biashara kufunguliwa katikati ya miaka ya 1980. Lakini haikuwa peke yake: mitambo ilichakaa, umeme ulisumbua, vipuri vilikosa fedha za kigeni, na nguo mpya za bei ya chini kutoka Asia ziliingia pia. Na sehemu kubwa ya pamba yetu hadi sasa inauzwa nje kabla haijasokotwa kuwa uzi.

Viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walijaribu. Mwaka 2016 walikubaliana mitumba ipungue hadi ikome mwaka 2019. Rwanda ilipandisha ushuru kutoka dola 0.20 hadi dola 2.50 kwa kilo. Marekani ikajibu mwaka 2018 kwa kusimamisha nafuu ya AGOA, ule mpango wake wa kupokea bidhaa za Afrika bila ushuru, kwa nguo za Rwanda. Nchi nyingine zikarudi nyuma, Rwanda ikabaki na msimamo wake. Naiheshimu kwa hilo.

Ninachoona mimi kama mshonaji ni hiki: nguo zilizokwisha kuingia zipo, na kuna nyingi zinazoishia dampo na mitoni. Kila ninachokiokoa hakiendi huko. Halafu mkono uliojifunza kwenye shuka la mtumba ndio utakaojua thamani ya kitambaa kizuri kilichotengenezwa hapa. Khanga zangu, vitenge vyangu vya kutokea, batiki, hivyo nanunua vipya na nachagua vya hapa nyumbani kila ninapovipata. Sioni mgongano. Na nitaongeza jambo linaloniuma: ubora wa mitumba yenyewe unashuka. Poliesta nyembamba ya kuvaliwa mara chache imejaa kwenye mafungu. Miaka kumi mbele tunaweza tusipate tena sufu wala kitani cha kuokota. Kwa hiyo hoja yako ya viwanda ni hoja yetu sote.

Mchangiaji, Zanzibar

Mie nakusanya khanga kongwe, naona na miye nina pahala humu.

Watu wanadhani khanga kuukuu ni ya kubebea mtoto na kufutia vumbi. Wapi! Masimulizi ya kwetu pwani yanasema khanga yenyewe ilizaliwa na sindano: wanawake walinunua leso zilizochapishwa kwenye kitambaa kirefu, wakakata vipande viwili vya leso tatu tatu, wakaviunga kuwa nguo moja. Baadaye ndipo wenye maduka wakaanza kuagiza nguo iliyochapwa nzima. Zamani majina yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, kisha zikaja za Kirumi. Kwa miaka mingi zilichapwa India, Ulaya na Japani kabla ya viwanda vyetu wenyewe.

Nikiipata kuukuu naangalia pindo kwanza, rangi imeingia upande wa pili au imekaa juu tu. Kisha naangalia maandishi madogo ukingoni, pale panapotaja kiwanda au mwenye duka. Zile zenye "Mali ya Abdulla" ni za duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa, lililoanza 1887. Za Urafiki nazo nazithamini sana, hasa zilizochapwa kwa sherehe za kitaifa, maana zina tarehe, na khanga yenye tarehe ni kumbukumbu ya nchi.

Nataka nimuombe kila mwenye charahani humu: khanga kongwe yenye doti kamili, pande zote mbili zikiwa pamoja, usiikate. Iliyobaki upande mmoja, au iliyochanika mji, ile sehemu ya katikati, hiyo shonea mto, shonea pazia, ni halali yako.

Mleta uzi

Dada wa Zanzibar, nimejifunza. Hiyo ya doti kamili nitaifuata. Unazitunzaje lakini? Zangu zimeanza kukatika kwenye mikunjo.

Mchangiaji, Zanzibar

Ndiyo kawaida yake ukiikunja mstari ule ule miaka. Zizungushe kwenye bomba la kadibodi lililovishwa shuka safi la pamba, au kila baada ya miezi michache zikunjue uzikunje kwengine. Usizitie kwenye nailoni, huku kwetu unyevu utazipiga madoa. Sanduku la mbao, karafuu kwenye kijifuko cha kitambaa ili zisigusane na nguo moja kwa moja, na zipate hewa siku za kaskazi. Udi fukiza chumba, usiufukizie khanga kongwe karibu, moshi unakaa.

Mchangiaji, Morogoro

Wakuu, nimeona cherehani ya miguu, ile nyeusi ya chuma aina ya Butterfly, mzee mmoja anaiuza. Inaonekana ina umri wangu. Niichukue au nijichange ninunue ya umeme mpya? Nashona nguo za wanangu tu na mashuka.

Mleta uzi

Ichukue, ila uipime kwanza. Nenda na vitambaa vyako mwenyewe: kipande cha shuka na kipande cha jinsi. Toa uzi, zungusha gurudumu la mkono kuja upande wako, polepole. Isikwame mahali popote, na isitoe mlio wa chuma kusaga chuma. Ugumu wa mafuta yaliyoganda usikutishe, huo unaisha kwa kusafisha na mafuta meupe ya cherehani. Usije ukatia mafuta ya kupikia, yanaganda na kunata. Kutu kwenye meza yake au miguuni haina neno. Kutu pale bobini inapokaa ina neno kubwa, fungua uangalie kwa tochi ya simu.

Baada ya hapo tia uzi, shona shuka lililokunjwa mara mbili. Mshono wa juu na wa chini ulingane. Ukiona vitanzi vinalegea upande wa chini, mara nyingi tatizo ni uzi wa juu haujapitishwa vizuri au haujakazwa, si ubovu. Kisha badilisha sindano, weka namba 16, ujaribu jinsi safu mbili. Ikipita bila kuruka mshono, mlipe mzee wa watu hela yake.

Umeme ukikatika wewe utakuwa unashona. Vipuri vyake vinapatikana karibu kila mji, na fundi yeyote wa mtaani anaijua. Mkanda wa ngozi utanyooka kadiri unavyotumika, unakata kidogo na kuunga tena kwa ile pini yake.

Sasa mdogo wangu wa Njombe, spoku. Zinafaa, ila ujue kazi yake. Spoku ya kawaida ina unene wa milimita 2 hivi, kwa hiyo ni ya uzi mwembamba: soksi, kofia za watoto wachanga, pindo za mikono. Ukiifumia uzi mnene wa sweta utapata kitambaa kikavu kisichoinama. Kata ule upande wenye meno ya kukazia nati na ule uliopinda, kisha zisugue ncha kwa msasa mpaka zisinase hata kwenye soksi nyembamba ukizipitisha. Tengeneza nne au tano za urefu sawa, uweze kufuma kwa kuzunguka bila mshono.

Kwa uzi mnene chonga mwanzi uliokauka vizuri. Milimita 4 hadi 5 inatosha masweta mengi. Usugue kwa msasa mkali kisha laini, umalizie kwa kuupaka nta ya mshumaa na kuufuta kwa kitambaa. Kabla ya kuanza sweta lenyewe, fuma kipande cha kujaribia, kifue, kikauke, ndipo uhesabu vitanzi vilivyomo ndani ya sentimita 10. Gawa kwa 10, kisha zidisha kwa sentimita za mzunguko wa kifua cha atakayevaa. Huko Njombe ongeza sentimita kadhaa, atalivaa juu ya shati na fulana.